Aliyeitika Jina la Devotha

Miaka mitatu ya mwisho ya uhai wa Mzee Nathanaeli, binti yake mdogo Selina aliitwa Devotha, jina la dada yake, na akaitika. Hakuitika kwa kupenda. Mwanzoni alijaribu kumrekebisha, akimwita baba kwa kilugha: mimi ni Selina, tate, Devotha yuko Tanga. Mzee alimkodolea macho kwa hofu kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala si yake, akaanza kulia, na siku hiyo hakutia kitu mdomoni mpaka jioni. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Selina alikuwa na kabichi za kumwagilia bondeni na mashuka ya mgonjwa ya kufua, hakuwa na muda wa kugombania jina. Akasema, "Abee, tate," na mzee akala chakula chote.

Basi ikawa hivyo. Mtu anayemwogesha baba yake, anayemkata kucha na kumfunga vifungo vya sweta kila asubuhi ya baridi ya kijiji cha Kwai, hana nguvu zilizobaki za kubishana naye juu ya ubatizo. Majirani walijua, wakacheka kidogo, kisha wakazoea. Kaka yao Alen, mfanyabiashara wa viazi pale Lushoto mjini, alijua pia, ila yeye alikuwa na simu mbili za kupokea na hakuwa na nafasi ya kulifikiria.

Devotha mwenyewe alijua kwa namna mbaya kuliko wote. Alikuwa ameondoka nyumbani miaka kumi na tisa nyuma, msichana wa miaka ishirini mwenye mimba ya Dula, utingo wa lori kutoka Mnazi kule tambarare. Kuondoka ni neno la adabu. Mzee Nathanaeli, aliyekuwa mzee wa kanisa na mkali wa kutisha, alilitupa begi lake barabarani mbele ya watu waliokuwa wanatoka ibadani, akamwambia asirudi hata kumzika. Selina alikuwa na miaka kumi na mitano, alisimama mlangoni akaona yote na hakufungua mdomo. Miaka ikapita, Devotha akaolewa na Dula, wakahamia Tanga, akafungua mgahawa karibu na stendi, watoto wakakua. Siku moja akasikia baba anaumwa, akajikaza, akapanda gari mpaka Kwai.

Alikaribishwa sebuleni. Mzee alimtazama kwa heshima anayopewa mgeni asiyejulikana, kisha akamgeukia Selina, akasema, "Devotha, mgeni huyu mpe chai."

Selina alimimina chai. Aliijaza hata ikamwagika kwenye kisosi. Devotha aliinywa yote, akashukuru, akaaga, na hakurudi tena mpaka siku ya mazishi.

Sasa mzee alikuwa ameshazikwa, arobaini imepita, na ukoo umekaa kikao. Baba mdogo Jofrey, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki. Alifungua kwa sala ndefu, akavaa miwani, akasema mambo mengi ni mepesi. Nyumba na shamba la miti ya miwati kule juu anachukua Alen, kwani marehemu alishamkabidhi mbele ya watu akiwa na afya zake. Alen atateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, atapeleka muhtasari Mahakama ya Mwanzo. Hapo hakuna aliyebisha. Lililobaki lilikuwa bonde.

Mtu wa tambarare anaweza kudhani bonde ni kipande tu cha ardhi. Huku milimani bonde ndiyo maisha. Kule juu unalima ukiomba mvua. Bondeni maji ya mfereji yanapita mwaka mzima, na kiangazi wenzako wakikunja mikono wewe unavuna karoti. Lile la Mzee Nathanaeli lilikuwa na udongo mweusi wa kulainika mkononi, na Selina ndiye aliyelilima peke yake miaka kumi na moja. Hakuwa na mume wala mtoto, na nyumba ilishakuwa ya Alen. Akipewa bonde, ana pa kusimama. Akilikosa, atabaki mgeni jikoni kwa wifi yake, akisubiri kuonyeshwa chungu cha kuosha. Jambo hilo alilijua vizuri, wala hakuona aibu kulijua.

Baba mdogo akatoa karatasi iliyokutwa ndani ya Biblia ya marehemu. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule na mwinjilisti mmoja kijana, Anord, aliyehudumu mtaani pale miezi minane kabla ya kuhamishiwa Mtae. Maneno yalikuwa machache: mimi Nathanaeli, kwa hiari yangu, shamba la bondeni nampa binti yangu Devotha. Chini palikuwa na alama ya dole gumba ya mzee. Shahidi hata mmoja hakuwepo.

Watu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Alen alisema karani wa mahakama ameshamweleza kwamba karatasi isiyo na mashahidi si wosia. Hata hivyo watoto wakikubaliana wenyewe, ukoo ukaandika kwenye muhtasari, hakuna wa kuwaingilia. Kwa hiyo swali ni moja tu: mzee alimkusudia nani? Devotha alisema haoni swali lilipo, maana jina limeandikwa na jina hilo ni lake tangu kubatizwa. Selina alisema baba aliyasema maneno hayo akimtazama yeye, akimshika mkono yeye. Devotha akajibu kwa sauti ya chini kwamba macho ya mzee yalishapotea lakini moyo haukupotea, na moyoni lilikuwemo jina la Devotha, hapakuwemo jina jingine.

Hilo la mwisho lilimchoma Selina kwa sababu lilikuwa kweli. Miaka mitatu hakuwahi kusikia baba yake akilitaja jina la Selina, hata kwa kulikosea.

Baba mdogo aliona hapa kichwa chake hakitoshi. Akaahirisha kikao kwa wiki mbili, akasema aitwe aliyeiandika ile karatasi, aje aseme mwenyewe alimwona nani na alisikia nini.

Wiki mbili hizo Devotha hakurudi Tanga. Alilala chumba kimoja na mdogo wake, kitanda kwa kitanda, wakisalimiana asubuhi kwa adabu kama wapangaji. Siku ya tatu alimfuata Selina bondeni, akashika jembe. Mikono yake ilikuwa imeshasahau. Alikanyaga tuta, akang'oa miche ya kabichi akidhani ni magugu, akajichekea mwenyewe. Selina naye akacheka. Kwa saa nzima wakawa mtu na dada yake, wanafukuliana udongo na kusengenya wake za mapasta waliopita. Kisha Devotha alisimama, akajinyoosha mgongo, akasema bila kuulizwa kwamba yeye hana haja ya kulima. Akilipata, atalikodisha.

"Sasa unalitakia nini, dada?"

"Nataka kitu kimoja kutoka kwake chenye jina langu," Devotha alisema. "Wewe huwezi kujua. Wewe hukutupiwa begi."

Selina akainama kwenye karoti zake. Alitamani kumchukia dada yake ili mambo yawe rahisi, na chuki haikuja. Kilichokuja ni ile siku yenyewe, siku ya karatasi, na hapo ndipo akili yake ilipozidi kuvurugika. Kulikuwa na jambo la siku ile ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa yeye.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, kabla mwinjilisti hajaja kusali na mgonjwa. Selina alikuwa ameketi kwenye kigoda, anampaka baba yake mafuta miguuni. Mzee akamshika mkono, akasema maneno aliyoyasema polepole, kwa akili ambayo ilikuwa haijaonekana muda mrefu: Devotha mwanangu, nilikutupia vitu vyako barabarani, mbele za watu. Nilifanya vibaya. Umerudi kunihudumia na mimi sikustahili. Nisamehe. Selina alibaki na mafuta kiganjani. Angesema nini? Aseme mimi siye, subiri nikutafutie mwenyewe kwa simu? Mzee alikuwa analia. Akamjibu, nimekusamehe, tate. Mzee akapumua kama aliyeshushwa mzigo wa kuni, akatulia. Mwinjilisti alipobisha hodi, akamwomba aandike.

Na ndiyo hapo Selina alipokwama. Akijiambia baba alinipa mimi kwa miaka yangu ya jasho, sauti inamjibu: alimpa aliyetupiwa begi. Akijiambia basi ni la Devotha, sauti nyingine inauliza: Devotha gani? Devotha aliyerudi kumhudumia hakuwahi kurudi. Aliyerudi hakuwahi kuondoka. Alizunguka na hesabu hii kwenye matuta mpaka akawa anamwagilia mahali palipokwisha kumwagiliwa. Kuna wakati aliona amemwibia dada yake, na kuna wakati aliona dada yake ndiye anayemwibia. Mara nyingine aliona marehemu ndiye aliyewaibia wote wawili, kisha akaogopa kwa kumfikiria hivyo mtu aliyekwisha lala.

Jumamosi ya kikao ukungu ulikuwa mzito, mtu wa ng'ambo ya ua huwezi kumtambua. Ndugu walijaa sebuleni, wamejifunga mablanketi na vitenge. Mwinjilisti Anord alichelewa, maana barabara ya Mtae ikinyeshewa ni ya kumwomba Mungu. Alipoingia suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye haraka ya kuomba radhi. Alisimama mlangoni, akazungusha macho kutafuta sura anayoijua, akaiona moja. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Selina, akainama.

"Shikamoo, dada Devotha. Pole sana kwa msiba wa baba."

Selina alimtazama baba mdogo.

Kicheko kilimponyoka Alen, naye akakigeuza kikohozi. Baba mdogo alimketisha kijana, akamuuliza taratibu anamwita nani Devotha. Mwinjilisti alishangaa kuulizwa. Alisema anamwita binti wa marehemu, huyu hapa, ambaye alimkuta nyumbani kila Alhamisi kwa miezi minane. Mzee alimtambulisha kwa jina hilo siku ya kwanza, naye dada akaitika, na kanisani hakuwahi kumwona kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mgonjwa. Aliambiwa kwamba huyo anaitwa Selina, na Devotha ni yule aliyekaa karibu na dirisha. Kijana aliwatazama wote wawili, akaomba radhi.

Baba mdogo akauliza siku ile mzee alisemaje hasa. Mwinjilisti akafikiri, akajibu kwamba mzee alisema bonde ni la binti yangu Devotha, huyu, akamnyooshea kidole dada aliyekuwepo. Akaulizwa mbona neno huyu halimo kwenye karatasi. Akasema kwa unyonge kwamba kidole hakiandikiki, na yeye alidhani jina linatosha.

Hapo kikao kikalegea kama kamba iliyokatwa. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee alimnyooshea kidole Selina, Selina ndiye aliyemuuguza, jina lilikuwa ni ugonjwa tu, nini tena? Baba mdogo alishika kalamu, akafungua daftari la muhtasari, akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Alimtazama Devotha.

Devotha hakubisha. Watu walikuwa wamejiandaa kwa matusi ya Kitanga, wakaona mwanamke wa miaka thelathini na tisa anakunja kitenge chake magotini, anakikunjua, anakikunja tena.

"Sina neno, baba mdogo," alisema. "Hata jina langu lilikuwa la mtu mwingine. Andika tu."

Selina angenyamaza. Kila aliyekuwa na akili katika chumba kile angemshauri anyamaze. Shamba lilikuwa limeshaingia mkononi, kalamu iko kwenye karatasi, na mwingine angepiga magoti kumshukuru Mungu kwa mwinjilisti mwenye tope. Lakini alimwona dada yake anajiandaa kurudi Tanga akiwa na imani kwamba baba hakumwachia hata kitu kimoja, na yeye Selina alikuwa amekaa juu ya kitu hicho mwaka mzima. Akasimama bila kujua atasema nini, akasema yote. Akaeleza habari ya mafuta miguuni, maneno ya mzee jinsi yalivyokuwa, begi, barabara, nisamehe. Akasema na jibu alilotoa. Akasema kwamba kalamu iliombwa baada ya jibu lile, wala si kabla, na kwamba tangu siku hiyo yeye hajui bonde lilipewa nani, wajue wao.

Baba mdogo aliiweka kalamu chini. Alen, kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliikata simu iliyokuwa inaita.

Devotha aliinuka akatoka nje. Baba mdogo akamwonyesha Selina mlango kwa kidevu, amfuate.

Alimkuta nyuma ya zizi, amesimama kwenye ukungu, ameuegemea ukuta wa mabanzi. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa mkavu na macho yamemtoka.

"Rudia," alisema. "Maneno yake. Usipunguze wala usiongeze."

Selina akarudia. Alipofika kwenye nisamehe, aliruka neno, ikabidi aanze upya. Devotha alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza bila sauti kana kwamba anayakariri.

"Na mimi nilimjibu nini?"

Selina hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Ulimwambia umemsamehe."

"Akafanyaje?"

"Alipumua, dada. Akalala vizuri. Tangu siku ile hakulia tena."

Devotha alibandua gome la ubanzi ukutani, akalitupa zizini. Kisha akasema yeye hajamsamehe. Hakumsamehe alipojifungua kwenye chumba cha kupanga bila mama wala ndugu, hakumsamehe alipopewa chai kama mgeni, na hata kaburini alitupa udongo hajamsamehe. Siku ile angekuwepo yeye mwenyewe kwenye kile kigoda, na mafuta mkononi, angemwambia hapana machoni pake. Alikuwa ameliandaa jibu hilo miaka kumi na tisa. "Na sasa amekwenda zake akiwa na furaha," alisema, "na jibu langu sina pa kulipeleka."

Selina aliomba radhi. Hakujua anaomba radhi ya nini hasa: ya kumnyang'anya baba yao adhabu, au dada yake nafasi ya kuitoa. Alisema alitaka mzee anyamaze tu, aache kulia, kwa sababu kabichi zilikuwa zinasubiri maji. Ilikuwa kweli tupu, na akaona jinsi ilivyo ndogo.

Devotha alimtazama, akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge, akarudi ndani kwa hatua za haraka, Selina nyuma yake. Hakuketi. Alisema na baba mdogo akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, kama anavyosema na wateja wasumbufu kwenye mgahawa wake.

"Shikamoo tena, baba mdogo. Andika Selina. Mzee alitoa lile shamba kwa sababu alisamehewa, na mimi nisingemsamehe. Kama ningekuwepo, asingenipa kitu. Kwa hiyo si langu."

Baba mdogo aliuliza kama amefikiri vizuri. Akasema amefikiri miaka kumi na tisa. Kalamu ikakwaruza daftarini, na Selina akalisikia jina lake linasomwa kwa sauti mbele ya ukoo, jina lake la ubatizo pamoja na la baba, mrithi wa shamba la bondeni. Alikuwa amelingoja neno hilo kwa hofu kwa wiki mbili. Lilipofika hakujua aliweke wapi. Alijaribu kufurahi, akajikuta anamtafuta dada yake kwa macho.

Devotha alikuwa ameshachukua mkoba wake. Mwinjilisti Anord alimpisha mlangoni, akitaka kumwita kwa jina, akaghairi, akasema tu safari njema. Selina alimsindikiza mpaka barabarani kusubiri bodaboda ya kumpeleka Lushoto. Walisimama, ukungu ukiwapita usoni, mpaka taa ya pikipiki ikaonekana kwenye kona.

"Lima shamba lako," Devotha alisema akipanda. "Ila usije ukasamehe mtu tena kwa jina langu."

"Sawa, dada," Selina alijibu, na pikipiki ikaondoka.